Mti Huanza Kazi Chini: Niliyojifunza Nikirudisha Miti Kwenye Mteremko Uliochoka

Andiko hili ni la yule aliyeachiwa ardhi iliyonyolewa miti na sasa anajiuliza aanzie wapi. Mimi sikusomea misitu. Mteremko ulioniangukia mikononi ulikuwa umekatwa kila chenye shina, ukachomwa, ukalimwa misimu kadhaa, kisha ukaachwa ulipokataa kuzaa. Katikati kulikuwa na korongo lililokuwa likipanuka kila masika, na chini kabisa chemchemi ambayo mvua ikinyesha tu, maji yake yalikuwa tope tupu. Kazi ya kuurudisha imekula miaka, jasho na fedha kuliko nilivyokadiria, na kuna sehemu yake ambayo mpaka leo haijakubali.

Nilianza na yale majibu ya darasani: miti huleta mvua, husafisha hewa, huzuia mmomonyoko. Hayana ubaya, ila hayakuambii uchimbe shimo wapi, uache nini, wala mche gani uukatae hata ukipewa bure. Hayo nilifundishwa na udongo wenyewe.

Kabla ya kununua chochote nilizunguka mteremko baada ya mvua kubwa. Nikaona vijiwe vidogo vimekaa juu ya vinguzo vya udongo, kila kijiwe na nguzo yake, kana kwamba mtu amevipanga kwa mkono. Niliinama nikapima kwa kidole: nguzo zilikuwa na urefu wa kiungo kizima. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Kijiwe kilikuwa kimeukinga udongo ulio chini yake, na wote uliokizunguka ulikuwa umeondoka. Urefu wa nguzo ndio kimo cha udongo uliopotea, na udongo wa kiwango hicho huchukua karne kuumbika.

Anayeuondoa ni tone la mvua. Tone kubwa hushuka kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo ulio wazi hupasua madonge, na vumbi laini linalotoka humo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Jua likiwaka, uso wa ardhi hugeuka gamba. Mvua inayofuata haina pa kuingia, kwa hiyo inateleza na kuchukua inachokikuta. Korongo langu lilizaliwa hivyo.

Kuna jaribio dogo ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kabla ya kutumia hata senti. Chukua kopo, likate pande zote mbili libaki duara tupu, lipigilie ardhini kina cha vidole viwili, mimina maji, kisha subiri. Mimi nililifanya chini ya kichaka kilichosalia pembeni mwa mteremko, na maji yalikuwa yameshazama kabla sijafunga chupa. Nikahamia hatua chache tu, penye gamba. Maji yalituama. Sisimizi mmoja aliyeanguka ndani alielea, akazunguka, akapata ukingo, akatoka, na maji bado yapo. Mvua ni ileile, udongo ni uleule, tofauti ni kichaka. Chini yake kulikuwa na majani yaliyooza nusu, nyungunyungu, njia za mchwa, na matundu yaliyoachwa na mizizi iliyokufa, na maji yalipita humo.

Tangu siku hiyo nikawa nautazama mti kuanzia chini. Nilipotembelea shamba la mitiki lililopandwa kwa mistari iliyonyooka, kila mtu aliangalia juu akasifu. Mimi niliangalia chini nikakuta ardhi ngumu, mizizi imebaki nje. Majani ya mtiki ni mapana, hukusanya matone madogo na kuyaangusha yakiwa makubwa, na kutoka juu kiasi kile tone hupata kasi yake tena kabla ya kutua. Kama majani yaliyoanguka yanafagiliwa au yanachomwa kila mwaka, msitu wa namna hiyo unaweza kumomonyoka vibaya kuliko nyasi za kawaida. Kwa hiyo ukisikia miti huzuia mmomonyoko, ongeza neno: miti pamoja na takataka zake. Tabia ya kufagia chini ya mti mpaka pang'ae kwa kweli inaniudhi.

Sasa upandaji. Msimu wa kwanza tulinunua miche mirefu, yenye majani ya kuvutia, kutoka kitalu ambacho sitakitaja. Ilipokelewa kwa furaha, ikapandwa kwa nyimbo, na kiangazi kilipoingia ikaanza kukauka mmoja baada ya mwingine. Nilichota maji, nikabeba, nikamwaga. Gharama ya maji ilizidi bei ya miche yote, ukihesabu na nguvu za watu, na bado ilikufa. Nilifika mahali nikawa sipiti upande ule, maana hasira ilikuwa inanirudi kila nikiona vile vijiti.

Nilipong'oa baadhi yake ndipo nikaona sababu. Mizizi ilikuwa na umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche: imezunguka ukutani, imejikunja chini, imesokotana kama kamba iliyowekwa kikapuni. Miche ilikaa kitaluni muda mrefu mno. Juu ilirefuka, chini ilizunguka palepale, na hata ilipofika ardhini haikujua kutoka. Haikuwahi kuyafikia maji ya kina.

Kwa hiyo unaponunua, usidanganywe na urefu. Mche mzuri ni mfupi, shina nene, majani yaliyokwisha kuzoea jua kali. Mwombe muuzaji achane kiriba kimoja mbele yako. Akikataa, ondoka. Ukikuta mzizi mkuu umejikunja chini, hapo una uamuzi: kama umejikunja kidogo, kata ile sehemu kwa kisu kikali na upande, kama umekuwa fundo, achana nao. Kiriba kitolewe chote, wala usiamini maneno ya kwamba kitaoza chenyewe. Shimo liwe pana kuliko lilivyo refu, na kwenye udongo wa mfinyanzi kwaruza kuta zake, maana jembe huzilainisha na mizizi hushindwa kupenya. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi. Matandazo weka mengi, lakini yasiguse shina, kwa sababu unyevu wa kudumu pale huozesha gome na kukaribisha wadudu. Halafu palilia. Nyasi zinazoonekana hazina madhara hunyonya maji ya juu haraka kuliko mche mchanga, na kwa uzoefu wangu duara la mita 1 lisilo na nyasi liliokoa miche mingi kuliko ndoo zangu zote. Ukimwagilia, bora maji mengi kwa nadra kuliko kidogo kila siku. Maji ya juujuu hufundisha mizizi kubaki juu.

Siku moja mzee mmoja, jirani wa ardhi ile, alipita akanikuta natazama miche.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi vijiti umevipanda au umevizika?"

Nilicheka kwa uchungu. Akachokonoa ardhi kwa fimbo yake, mahali tulipofyeka kupisha mistari ya miche. "Na hivi vilivyojiotea, mbona mnavifyeka kila mwaka?"

Alikuwa anaonyesha machipukizi. Yalikuwa kila mahali, mafupi, yamejikunja kama vichaka vya magugu, na sote tulikuwa tumeyaita magugu. Ukifukua pembeni unakuta kisiki. Mti ulikatwa miaka mingi nyuma, ila mizizi yake ilikuwa hai chini, mirefu, imeshafika kwenye unyevu ambao miche yangu isingeufikia leo wala kesho. Kila mwaka ulijaribu kuinuka, na kila mwaka ulikutana na panga, moto au mbuzi.

Baadaye nikajua kwamba jambo hili lina historia. Tony Rinaudo, Mwaustralia, alikwenda Niger mwanzoni mwa miaka ya 1980 kusimamia upandaji wa miti, na miche mingi ikafa. Mwaka 1983 alitambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku ni miti iliyokatwa, inayojaribu kurudi. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi na kuyatunza, na ndani ya takribani miongo miwili miti ilirudi kwenye eneo linalokadiriwa kufikia hekta milioni 5, karibu yote bila kupandwa. Siku hizi wengi huiita njia hiyo kisiki hai.

Inavyofanyika ni rahisi kueleza, ngumu kusimamia. Kagua ardhi yako kwanza, weka alama kwenye kila kisiki kinachochipua. Katika kila kisiki chagua machipukizi machache, yaliyonyooka na yenye nguvu. Mimi huacha kati ya 2 na 5. Mengine yakate karibu na ardhi. Yale uliyobakiza ondoa matawi ya chini hadi karibu nusu ya kimo, ukikata kuelekea juu kwa panga kali ili gome lisichanike. Matawi uliyoyakata yatandaze hapohapo. Rudi baada ya miezi michache, kwa sababu kisiki kitachipua tena, na usipoyapunguza, yote yatagawana nguvu na hakuna litakalokuwa mti. Machipukizi ya visiki vyangu yalinipita kimo wakati ile miche iliyosalimika ilikuwa bado magotini. Gharama yake ilikuwa panga, tupa la kunolea na ulinzi.

Ulinzi ndio ulioninyima usingizi. Mbuzi wanapenda chipukizi laini, na mwenye mbuzi naye ana watoto wa kulisha. Tulianza kwa kugombana. Uzio wa miiba ulivunjwa, tukaujenga, ukavunjwa. Kilichotuokoa ni mazungumzo: nyasi za mteremko zikatwe na kubebwa badala ya mifugo kuingia, matawi tunayopunguza yawe kuni za waliokubali, na kila mmoja ajue sehemu yake. Hili nalo Niger walilijua. Zamani miti iliyosimama mashambani ilihesabiwa mali ya serikali, na mkulima hakuwa na sababu ya kuulinda mti ambao si wake. Walipopata uhakika kwamba watanufaika nao, waliulinda wenyewe. Kama huna jibu la swali la nani atafaidi, usipoteze fedha kwenye miche. Na moto: safisha ukanda usio na nyasi kuzunguka eneo kabla kiangazi hakijakomaa. Sina hadithi ndefu hapo. Usiposafisha, utaungua.

Kwenye chemchemi tulibishana zaidi. Kuna waliotaka mikaratusi kwa sababu inakua haraka na ina soko. Nilikataa isikaribie maji. Mti si tangi tu. Ni pampu pia. Mizizi hunyonya, majani hutoa mvuke, na mti unaokua kwa kasi hunyonya kwa kasi. Afrika Kusini ililiona hilo hata ikaanzisha mwaka 1995 mpango wa kitaifa wa kukata miti vamizi ya kigeni kwenye mabonde ya mito ili maji yarudi, na sheria yake ya maji ya mwaka 1998 inauhesabu upandaji wa misitu ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito. Nchi kame iliyojaza miti ovyo inaweza kujikausha.

Lakini kutokuwa na miti kabisa ni kubaya vilevile, maana mvua yote inateleza. Utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, katika maeneo ya kitropiki yenye kiangazi kirefu, maji yanayofika chini ya ardhi huwa mengi zaidi miti ikiwa ya kiasi: ya kutosha kufungua udongo, isiwe mingi hadi kunywa faida yote. Kwangu hilo liliamua nafasi kati ya mti na mti, na liliniondolea wasiwasi wa kuacha maeneo ya nyasi katikati. Kuzunguka chemchemi tuliacha uoto wa asili ujirudie wenyewe. Maji sasa hutoka safi hata siku ya mvua. Kama yameongezeka, sitasema, kwa sababu mvua za mwaka huu si za mwaka jana, na mtu akikuahidi chemchemi mpya kwa sababu ya miche yake, muulize alipima vipi.

Na mvua je? Huwa naulizwa kama mteremko wangu umeleta mvua. Haujaleta. Misitu mikubwa ndiyo hufanya kazi hiyo: tafiti za mwanasayansi Mbrazili Eneas Salati katika miaka ya 1970 zilionyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya Amazon hutokana na mvuke ambao msitu wenyewe umeurudisha angani. Hiyo ni sababu ya kupigania misitu mikubwa isikatwe, wala si ahadi ya kumpa mwenye shamba dogo.

Joto, hata hivyo, nililihisi mapema. Zamani saa saba mchana usingeweza kusimama pekupeku pale. Sehemu iliyo kivulini inaweza kuwa baridi kuliko iliyo juani kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi ukipima uso wenyewe, na mbali na kivuli, majani yanaendelea kupoza hewa kwa mvuke yanaoutoa. Faida kubwa ilikuwa kwa mbegu. Juani zilikuwa zinakaangika kabla ya kuota. Chini ya machipukizi yaliyokwisha kukua zilianza kujitokeza zenyewe, na za aina ambazo hakuna aliyezipanda. Ndege wanatua, wanaacha kinyesi, mbegu imo ndani. Nilipolielewa hilo nikaanza kusimika matawi makavu marefu sehemu zilizo wazi ili ndege wapate pa kutua. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Ni njia inayotumika sana katika kurejesha misitu, na bei yake ni kuchimba kishimo.

Kuhusu hewa ya ukaa nitakuwa mkweli, maana ndiyo inayotajwa kuliko yote. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Kilo 1 ya mbao kavu ina maana kwamba takribani kilo 1.8 za hewa ya ukaa zilivutwa kutoka angani na kufungwa humo. Sasa pima mche mkononi mwako: una gramu ngapi? Kisha fikiria mti mkubwa wenye shina lisilokumbatika, wenye tani kadhaa. Ukiukata na kuuchoma, yote yanarudi angani siku hiyohiyo, na miche mia uliyopanda kwa kuufidia itachukua miongo kulipa deni, ikiwa itaishi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2020 kwamba misitu inafunika karibu hekta bilioni 4, yaani asilimia 31 ya nchi kavu, na kwamba tangu 1990 hekta milioni 420 za misitu zimegeuzwa matumizi mengine. Mwenye nguvu za kufanya jambo moja tu, autetee mti mkubwa uliosimama kabla hajashika jembe.

Ndiyo sababu sherehe za kupanda miti hunichosha. Zinahesabu mashimo. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa mche uliosalimika. Ulipokufa hapakuwa na malipo. Kufikia alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, vuguvugu hilo lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30. Nami nilibadilisha malipo ya vibarua kwa mfano huo: sehemu ndogo siku ya kupanda, sehemu kubwa baada ya kiangazi, kwa mche ulio hai. Manung'uniko yalikuwepo, na wawili waliacha kazi. Waliobaki walianza kupalilia bila kuambiwa.

Sehemu iliyokataa ni ile ya juu kabisa, ambako gamba ni gumu na hakuna visiki. Tumejaribu miche, ikafa. Sasa nimesitisha kupanda huko. Tumechimba makinga maji ya nusu duara yenye mdomo ukitazama juu ya mteremko, tukalaza matawi kwenye kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, ili maji, majani na mbegu vikwame kwanza. Nyasi zimeanza kushika ndani ya baadhi ya nusu duara. Kopo langu linaonyesha maji yanazama huko polepole, lakini yanazama. Nikipima na kukuta yanazama haraka kama pale kichakani, ndipo nitarudi kitaluni, na miche nitakayochukua itakuwa mifupi.

Kuhusu kukata, kwa sababu ndilo swali la mwisho ninaloulizwa: ndiyo, tunakata. Machipukizi yaliyozidi, matawi, na baadhi ya miti iliyosongamana hukatwa wakati wa kiangazi, kabla mti haujaanza kuchanua upya, na kisiki huachwa na mkato wa mshazari kidogo ili maji yasituame juu yake. Majani hayaondoki shambani hata gunia moja.